KULEHEMU BILA KUYEYUSHA: ALUMINI NA TITANI KATIKA KIUNGO KIMOJA

Kazi ya kuchomelea metali imejengwa juu ya kanuni moja ya zamani. Kingo za vipande viwili huyeyushwa kwa moto wa gesi au wa umeme, maji yake huchanganyika, na yanapopoa vipande hivyo huwa kitu kimoja. Kanuni hiyo hufaa sana chuma kinapolehemiwa na chuma. Lakini ikitumiwa kuunganisha alumini na titani, huzaa kiungo chenye nyufa, ambacho huweza kuvunjika kama kigae kwa pigo dogo. Makala haya yanaeleza chanzo cha udhaifu huo, na jinsi njia iliyobuniwa nchini Uingereza mwaka 1991 inavyowezesha metali hizo kushikana bila alumini wala titani kugeuka maji.

Kwa nini ziunganishwe?

Alumini inajulikana katika kila jiko la Afrika ya Mashariki, maana ndiyo metali ya sufuria. Ni nyepesi, haina ghali kubwa, na hupitisha joto upesi. Ikichanganywa na kiasi kidogo cha shaba, magnesi, zinki au silikoni, hupatikana aloi zenye nguvu za kutosha kujengea mabawa na viwiliwili vya ndege. Kasoro yake ni kwamba inapopata joto la nyuzi 200 za sentigredi au zaidi kwa muda mrefu, aloi nyingi za namna hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Titani ni nzito kuliko alumini, lakini ni nyepesi kuliko chuma. Huvumilia joto zaidi, haili kutu katika maji ya bahari, na aloi zake zina nguvu zinazolingana na za vyuma vingi vya pua. Madini yake si haba duniani. Mchanga wa Kwale, katika pwani ya Kenya, ulichimbwa kwa ajili yake mpaka mwishoni mwa mwaka 2024. Hata hivyo, sehemu kubwa ya madini ya titani yanayochimbwa duniani hutengenezewa rangi nyeupe, si metali, kwa sababu kuitenga metali yenyewe na oksijeni ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Kwa hiyo mhandisi hupenda kutumia titani mahali penye joto, mzigo mkubwa au kutu tu, na alumini mahali pengine pote. Swali ni namna ya kuziunganisha. Ribiti na bolti huweza kufanya kazi hiyo, lakini huongeza uzito, na kila tundu linalotobolewa huwa mahali ambapo ufa waweza kuanzia. Ndiyo maana wataalamu wametafuta kwa muda mrefu njia ya kulehemu metali hizo mbili moja kwa moja.

Tofauti za tabia

Jedwali lifuatalo linalinganisha alumini safi na titani safi. Tarakimu za aloi hutofautiana kidogo au sana na hizi, lakini mwelekeo wake ni huo huo.

| Sifa | Alumini | Titani |
|---|---|---|
| Namba ya atomi | 13 | 22 |
| Densiti (g/cm³) | 2.7 | 4.5 |
| Kiwango cha kuyeyuka (°C) | 660 | 1668 |
| Upitishaji joto (W/m·K) | karibu 237 | karibu 22 |
| Kutanuka kwa kila nyuzi moja (sehemu kwa milioni) | 23 | 8.6 |

Mstari wa tatu unaonyesha tatizo la kwanza. Titani inapoanza kuyeyuka, alumini imekwisha kuzidi kiwango chake cha kuyeyuka kwa nyuzi 1000 nzima. Fundi akingoja titani iyeyuke, alumini itakuwa imekwisha kumwagika.

Mstari wa nne unaonyesha tatizo la pili. Alumini hupitisha joto karibu mara 11 zaidi ya titani. Joto linalotiwa kwenye mpaka hukimbilia upande wa alumini, ambapo kwa upande wa titani hukaa pale pale. Hivyo ni vigumu kuzipa pande zote mbili joto linalozifaa kwa wakati mmoja.

Mstari wa mwisho unaleta tatizo la tatu. Fimbo ya alumini yenye urefu wa mita 1 ikiongezewa joto la nyuzi 100, hurefuka kwa milimita 2.3. Fimbo ya titani ya urefu huo huo hurefuka kwa milimita 0.86 tu. Zikiwa zimeshikanishwa na zinapoa pamoja, alumini hutaka kusinyaa zaidi ya mwenzake lakini haiwezi. Nguvu ya mvutano hubaki imefungwa ndani ya kiungo, ikisubiri mahali dhaifu pa kupasulia.

Mahali hapo dhaifu huzaliwa na tatizo la nne, ambalo halionekani katika jedwali, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Kampaundi ngumu lakini dhaifu

Atomi za alumini na za titani hupendana mno. Zikikutana katika joto la kutosha, hujipanga upya na kufanya vitu vipya vyenye fomyula maalumu, kama vile Ti₃Al, TiAl na TiAl₃. Vitu hivi si mchanganyiko wa kawaida kama maji na chumvi. Ni kampaundi za metali kwa metali, zenye mpango wa atomi usiofanana na wa alumini wala wa titani.

Katika metali ya kawaida, safu za atomi huweza kuteleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana sufuria ikianguka hubonyea badala ya kuvunjika. Katika TiAl₃, kila atomi ina mahali pake maalumu, na safu hizo haziwezi kuteleza kwa urahisi. Kitu hicho ni kigumu kwa kukwaruzwa, lakini kikivutwa au kikipigwa hupasuka bila kupinda. Kwa maneno mengine, ugumu na uimara si kitu kimoja. Kioo ni kigumu kuliko ngozi, lakini hakuna afungaye mzigo kwa kioo.

Hata hivyo, alumini ndani ya titani si sumu kwa kila kiasi. Aloi ya titani itumikayo zaidi duniani ina asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, nayo ni imara sana. Kwa kiasi hicho, atomi za alumini huingia na kutawanyika katika fuwele za titani bila kuvunja mpango wake. Ni pale alumini inapozidi mno ndipo kampaundi hutokea. Upande wa alumini uvumilivu ni mdogo zaidi, kwani alumini ngumu huweza kubeba titani ya kadiri ya asilimia 1 tu kwa uzito, tena ikiwa katika joto lililo karibu na kiwango chake cha kuyeyuka.

Sasa yafikiriwe yanayotokea metali zote mbili zikiyeyushwa pamoja. Katika majimaji, atomi hutembea kwa uhuru na kukutana kwa wingi. Dimbwi likipoa, kampaundi hizo hujaa katika kiungo kwa unene mkubwa. Kisha alumini husinyaa, mvutano huongezeka, na kiungo hupasuka katikati ya kampaundi hiyo.

Njia ya kukoroga

Mwaka 1991, katika Taasisi ya Kulehemu iliyo karibu na mji wa Cambridge, Uingereza, Wayne Thomas na wenzake walibuni njia ya kuunganisha metali ikiwa bado ngumu. Njia hiyo yaweza kuitwa ulehemu wa kukoroga kwa msuguano.

Kifaa chake ni kipande cha metali ngumu chenye umbo la mcheduara, ambacho chini yake kina ncha fupi iliyochomoza. Sehemu pana inayoizunguka ncha huitwa bega. Vipande viwili vya kuunganishwa hulazwa ubavu kwa ubavu na kubanwa kwa nguvu juu ya meza ya mashine. Kifaa huzungushwa kwa mamia ya mizunguko kwa dakika au zaidi, kisha hushushwa polepole mpaka ncha izame kwenye mstari wa mpaka na bega liguse uso wa metali. Baada ya hapo husukumwa mbele kufuata mstari huo.

Bega likisugua chini ya mgandamizo mkubwa, joto huzalishwa kama lile lipatikanalo viganja vinaposuguliwa, lakini kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa aloi za alumini, joto hilo kwa kawaida hupanda hadi nyuzi 400 au 500, yaani chini ya kiwango cha kuyeyuka. Metali hailoweki, inalainika tu kama ugali uliokaza, na ncha huikoroga kama mwiko. Metali iliyo mbele ya ncha huzungushwa hadi nyuma yake, ikakandamizwa na bega, na kushikana. Kwa kuwa imefinyangwa ikiwa ngumu, fuwele zake huzaliwa upya zikiwa ndogo ndogo, jambo linaloongeza uimara.

Faida yake ilionekana kwanza kwa alumini na alumini. Aloi kama ile yenye namba 2024, iliyo na shaba kiasi cha asilimia 4, hupasuka ikilehemiwa kwa moto wa umeme, na kwa sababu hiyo ilizoea kufungwa kwa ribiti katika ndege. Kwa njia ya kukoroga ilianza kuunganika vizuri. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, viwanda vya Skandinavia vilikuwa vikitengeneza paneli za alumini za meli kwa njia hiyo, na kabla ya muongo huo kwisha ilikuwa imeingia katika utengenezaji wa roketi huko Marekani.

Ncha iwekwe wapi?

Metali mbili zinazofanana zinapounganishwa, ncha hupita katikati ya mpaka. Kwa alumini na titani, jambo hilo halifai. Ncha ikizama nusu kwa nusu, titani ambayo bado ni ngumu huilisha ncha mpaka ikaisha upesi. Tena vipande vya titani hung'olewa na kutawanywa ndani ya alumini, na kila kipande huzungukwa na kampaundi dhaifu.

Kwa sababu hiyo, ncha husogezwa upande wa alumini. Karibu mwili wake wote huzama katika alumini, na ubavu wake hukwangua ukingo wa titani kidogo tu, pengine kwa sehemu ya kumi moja au chache za milimita. Mkwaruzo huo una kazi muhimu. Kila moja ya metali hizi hufunikwa na ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo huzuia atomi zisigusane. Ncha huiondoa ngozi ya titani, na wakati huo huo huigandamiza alumini iliyolainika kwenye uso mpya, safi, usiopata nafasi ya kukutana na hewa.

Upande wa kuweka titani nao una maana. Kifaa kinapozunguka huku kikisonga mbele, kwa upande mmoja wa ncha mwendo wa mzunguko huelekea kule kule kinakokwenda kifaa. Huu waweza kuitwa upande wa kuendea. Kwa upande wa pili mwendo wa mzunguko hurudi nyuma, nao ni upande wa kurudia. Watafiti wengi huweka titani upande wa kuendea, kwa kuwa metali iliyo ngumu ikiwekwa upande huo alumini laini huweza kuizunguka ncha na kuujaza mpaka bila kuacha mashimo.

Hesabu ya muda

Hapa ndipo kilipo kiini cha jambo lote. Kama atomi hazivuki mpaka kabisa, kiungo hakishiki. Metali hugusana tu bila kuungana. Kama zinavuka kwa wingi, tabaka la kampaundi hunenepa na kiungo huvunjika. Tabaka hilo lahitajika, lakini liwe jembamba mno: mikromita chache au chini ya hapo. Mikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita.

Unene wake hutawaliwa na mambo mawili, joto na muda. Joto likipanda, mwendo wa atomi huongezeka kwa kasi kubwa. Joto likiwa halibadiliki, na ukuaji ukitegemea atomi kupenya katika tabaka lililokwisha kufanyika, unene hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha muda, yaani:

x² = k × t

ambapo x ni unene, t ni muda, na k ni tarakimu inayotegemea joto. Maana yake ni kwamba muda ukiongezeka mara 4, unene huongezeka mara 2. Muda ukiongezeka mara 100, unene huongezeka mara 10. Sababu yake ni nyepesi: tabaka lenyewe huwa ukuta, na kadiri ukuta unavyonenepa ndivyo atomi zinavyochelewa kuupita.

Mfano wa kukokotoa. Bega lenye kipenyo cha milimita 16 linasonga kwa milimita 80 kwa dakika. Kila sehemu ya mstari wa katikati hukaa chini ya bega kwa dakika 16 ÷ 80, yaani dakika 0.2, ambazo ni sekunde 12. Mwendo ukiongezwa hadi milimita 160 kwa dakika, muda huwa sekunde 6. Kama joto lingebaki lile lile, unene mpya wa tabaka ungekuwa kipeuo cha pili cha nusu ya ule wa kwanza, yaani takriban sehemu 0.71 yake. Kwa kweli joto nalo hushuka mwendo unapoongezwa, hivyo tabaka hupungua zaidi ya hapo. Lakini mwendo ukizidi mno, alumini hailainiki vya kutosha, na mashimo hubaki katika kiungo. Kazi ya mtafiti ni kutafuta nafasi nyembamba iliyopo kati ya hatari hizo mbili.

Matokeo ya maabara

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuunganisha aloi ya titani yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi, na aloi ya alumini namba 2024. Kiungo kilipovutwa hadi kukatika, nguvu yake ilifikia asilimia 73 ya nguvu ya aloi ya alumini yenyewe. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walitoa matokeo ya kuunganisha titani safi na aloi ya alumini iliyo na silikoni, kipande kimoja kikilazwa juu ya kingine. Kiungo bora kilibeba asilimia 62 ya mzigo uliobebwa na aloi ya alumini peke yake, na kilivunjikia mpakani.

Mwanafunzi asizilinganishe asilimia hizo mbili kana kwamba ni alama za mtihani mmoja. Aloi zilikuwa mbali mbali, na umbo la viungo halikuwa moja. Jambo linalofanana ni kwamba katika majaribio yote mawili metali zilishikana kwa nguvu ya maana, na kwamba uimara ulitegemea hali ya mpaka.

Njia hii pia imekwisha kutoka maabara hadi kiwandani kwa metali nyingine zisizofanana. Mwaka 2012 kampuni ya Honda ilitangaza kuwa inaitumia kuunganisha alumini na chuma cha pua katika sehemu ya fremu ya gari aina ya Accord. Hilo ni dalili kwamba tatizo la kampaundi dhaifu laweza kutawaliwa hata katika kazi ya kila siku.

Matatizo yaliyobaki

Kwanza, kifaa. Msuguano na titani huila ncha, na ncha iliyolika hubadilisha joto na umbo la kiungo pole pole, bila fundi kuona. Pili, kifaa kinapoondolewa mwishoni mwa mstari huacha tundu, na tundu hilo hapana budi liwekwe mahali pasipo na mzigo au likatwe. Tatu, nguvu ya kukandamiza ni kubwa, maelfu ya nyutoni, hivyo mashine lazima iwe nzito na vipande vibanwe barabara.

Nne ni kutu. Alumini na titani zikigusana katika maji ya chumvi hufanya seli ya umeme, sawa na ile ya maabara ya shule. Alumini huwa ncha inayoliwa. Kiungo kilicho imara siku ya kwanza chaweza kuharibika baada ya muda kama hakikupakwa rangi au kuzibwa dhidi ya unyevu wa bahari.

Juu ya hayo yote kuna suala la uhakika. Ufa ulio katika tabaka la mikromita chache hauonekani kwa macho, na uso wa kiungo kibaya waweza kung'aa kama wa kiungo kizuri. Mbunifu wa ndege haridhiki kusikia kiungo bora kilibeba mzigo gani. Anachotaka kujua ni kile kibaya kuliko vyote kitabeba nini, kwa sababu ndicho kitakachobeba abiria siku moja. Ndiyo maana viungo hukatwa, hung'arishwa na kuchunguzwa kwa hadubini, na vingine huvutwa mpaka vikatike, kabla ya njia yoyote kukubaliwa.

Majaribio ya darasani

1. Chukua vijiko viwili vyenye unene unaokaribiana, kimoja cha alumini na kingine cha chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho hupitisha joto kwa shida, kwa kiasi kisicho mbali na titani. Weka tone la nta karibu na mwisho wa kila mpini, kisha simamisha vijiko katika kikombe cha maji ya moto. Andika ni nta ipi inayeyuka kwanza na baada ya muda gani. Mwalimu amimine maji mwenyewe.

2. Laza pamoja vipande viwili vya udongo wa mfinyanzi wa rangi mbili. Zamisha ncha ya kalamu ya risasi kwenye mpaka, izungushe na kuisogeza mbele taratibu. Kata udongo kwa kisu na uchore unavyoona. Rudia ncha ikiwa imesogezwa upande mmoja, na ulinganishe michoro.

Maswali

1. Kwa nini kuyeyuka kwa metali zote mbili huongeza kampaundi dhaifu kuliko kuzikoroga zikiwa ngumu?

2. Atomi ya titani ina uzito wa 48 na ya alumini 27. Onyesha kuwa TiAl₃ ina alumini ya asilimia 63 hivi kwa uzito.

3. Tabaka limefikia mikromita 1 baada ya sekunde 5 katika joto lisilobadilika. Litafikia mikromita 3 baada ya sekunde ngapi tangu mwanzo?

4. Reli ya alumini yenye urefu wa sentimita 50 imelehemiwa na reli ya titani ya urefu huo huo. Kama kila moja ingekuwa huru, tofauti ya urefu wao baada ya kupoa kwa nyuzi 400 ingekuwa milimita ngapi? Kwa kuwa haziko huru, eleza kinachotokea katika kiungo.

5. "Kiungo kisicho na kampaundi yoyote ndicho bora." Jadili.